Daftari msilishike peke yenu: barua ya wazi kwa wasimamizi wa mitandao ya udalali wa mtandaoni

Kwenu wakurugenzi, wakuu wa hesabu na mameneja wa mitandao inayotuunganisha sisi madalali na maduka ya mtandaoni, Kenya na Afrika Mashariki. Nakala kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, Nairobi.

Salamu sana.

Jumamosi moja ya mwezi wa Februari nilikaribishwa chai kwa jirani yangu hapa Kisauni. Maji yalichemshwa juu ya jiko la gesi la plati mbili ambalo jirani alilinunua mwezi mmoja kabla kupitia linki yangu. Najua alilinunua kwa sababu nilikuwepo lilipofika. Kijana wa boda alilishusha langoni, tukalipandisha pamoja hadi orofa ya pili, jirani akalipa kwa M-Pesa akiwa amesimama mlangoni, ujumbe ukaingia, kijana akauona, akaondoka. Niliporudi kwangu baada ya ile chai nikafungua dashibodi yenu, ukurasa wa hesabu zangu, kuangalia malipo ya mwezi. Mbele ya oda ya jiko pameandikwa: imerudishwa. Kamisheni: 0.

Jiko halikurudishwa. Liko pale pale, na juzi limepikiwa wali wa nazi.

Naandika hadharani kwa sababu njia ya faragha nimeifuata mpaka mwisho wake. Nilifungua tiketi ya malalamiko kwenu, nikaambatisha picha ya skrini, namba ya oda, na picha ya jiko lenyewe baada ya kumwomba mwenyewe ruhusa. Baada ya siku 12 nikajibiwa mstari mmoja: hali ya oda huamuliwa na duka, na uamuzi wa duka ni wa mwisho. Nikauliza nimwone nani huko dukani. Tiketi ikafungwa. Sitautaja mtandao wala duka. Nimezungumza na wenzangu walio kwenye mitandao mingine mitatu, na kila mmoja ana jiko lake.

Udalali si kazi ngeni pwani. Tangu zama za majahazi palikuwa na mtu wa kati, anayemjua mwenye bidhaa na anayemjua mwenye haja nayo. Lakini dalali yule alikuwepo. Bei ilipatanwa akisikia, pesa zilihesabiwa akiona, na fungu lake alilipata kabla mnunuzi hajaupinda uchochoro. Sisi wa mtandaoni tunafanya kazi ile ile, isipokuwa biashara inapofungwa hatupo. Namleta mteja hadi mlangoni, anaingia, mlango unafungwa, nami nabaki nje nikingoja kuambiwa kama amenunua, amenunua nini na kwa bei gani. Anayeniambia ni yule yule atakayenilipa. Akisema mteja hakununua, basi hana deni nami. Wazee walituambia mali bila daftari hupotea bila habari. Mali yetu ina daftari, ila limeshikwa na mdaiwa peke yake, na mwenye kudai huonyeshwa ukurasa mmoja kwa mwezi.

Kwa msomaji asiyeijua kazi hii, nieleze kidogo. Mimi huandika kwa Kiswahili kuhusu vitu vya nyumbani: friji zinazohimili umeme wa kukatika-katika, pasi, majiko, cherehani. Nakitumia kifaa, nakipiga picha, nasema uzuri wake na ubaya wake. Chini naweka linki yenye namba yangu. Mtu akibofya, kivinjari chake kinahifadhi kidakuzi, alama ndogo inayosema mteja huyu ameletwa na fulani. Akinunua ndani ya muda uliokubaliwa, duka linaiona alama na kunihesabia asilimia yangu. Oda huanza ikiwa inasubiri, kwa kuwa watu wengi kwetu hulipa wakipokea mzigo. Mzigo ukipokelewa na muda wa kurudisha ukapita, oda inakubaliwa, na mwisho wa mwezi unaofuata nalipwa. Hivyo ndivyo mkataba unavyosema, na kwa hapo sina ugomvi nao.

Ugomvi unaanza alama inapopotea. Shangazi yangu wa Mtwapa ni mshonaji. Alisoma nilichoandika kuhusu cherehani za umeme, nikamtumia linki kwa WhatsApp, akabofya, akaangalia picha, akaona bei: shilingi 16,000. Kisha akafanya kile ambacho watu wengi wa rika lake hufanya. Akatafuta namba ya simu ya duka, akapiga, akamuuliza binti wa huduma kwa wateja kama vipuri vinapatikana Mombasa, akaridhika na jibu, akaagiza papo hapo kwa simu. Mzigo ulifika siku ya nne. Kwenye dashibodi yangu: mibofyo 1, mauzo 0. Kamisheni ya asilimia 5, yaani shilingi 800, haikukataliwa wala haikubatilishwa. Haikuwahi kuzaliwa.

Hapo hakuna aliyemdanganya mwenzake. Yule binti hakuwa na njia ya kujua kwamba shangazi alipitia kwangu, kwa sababu hakuna aliyemwambia aulize. Kinyozi wa mtaani kwetu humuuliza mteja mgeni nani amemwelekeza, na aliyemleta hunyolewa kwa nusu bei. Duka lenye kituo kizima cha kupokea simu linashindwaje kuuliza swali hilo? Mpeni kila dalali msimbo mfupi wake, herufi nne au tano, mteja autaje kwenye simu au WhatsApp kama anavyotaja jina lake, apunguziwe shilingi 50 ili asiusahau. Shangazi angeutaja. Anaipenda shilingi 50 na anampenda mtoto wa ndugu yake.

Yapo mengine ya aina hiyo ambayo mnayajua kuliko mimi. Linki ikibofywa ndani ya Facebook au TikTok hufunguka katika kivinjari cha ndani kwa ndani. Mteja akiipenda bidhaa anatoka, anafungua programu ya duka kwenye simu yake, ananunua humo, na kidakuzi kimebaki kule alikotoka. Kwenye iPhone, tangu mwaka 2019 kivinjari chake, Safari, hufuta baada ya siku 7 vidakuzi vilivyowekwa kwa JavaScript, yaani msimbo unaoendeshwa ndani ya ukurasa, wakati mwingine baada ya siku moja tu, na tangu Machi 2020 imevifungia kabisa vidakuzi vya tovuti ya tatu, yaani isiyo ile mteja anayoitazama. Kwa hiyo mkataba unaponiahidi kuhesabiwa mauzo ya siku 30 tangu mteja abofye, kwa mteja mwenye iPhone huenda ahadi ile ni wiki moja. Mkataba wangu haukuniambia hivyo. Nilijifunza mwenyewe baada ya kupata hasara. Dawa ipo na si mpya: seva ya duka, yaani kompyuta yake kuu, iiarifu seva ya mtandao moja kwa moja oda inapoingia, pasipo kutegemea kidakuzi kilichomo kwenye simu ya mteja. Nimeambiwa baadhi yenu mnayo tayari, na mnawawashia madalali wakubwa pekee. Tuwashieni sote.

Tangu Julai mwaka jana nina daftari langu mwenyewe, la kurasa 96, la kawaida la mtoto wa shule. Kila mtu aliyeniambia kwa kinywa chake kwamba amenunua kwa kupitia kwangu namwandika humo: tarehe, bidhaa, bei, namba ya oda akikubali kunipa, siku mzigo ulipofika, na kama aliurudisha. Mwisho wa Machi nilikuwa na oda 41. Zilizoonekana kwenye dashibodi ni 26. Kati ya hizo 26, nimelipwa 17. Mbili zinasubiri tangu Oktoba. Saba zimeandikwa zimerudishwa, na katika hao saba waliorudisha kweli ni wawili: mmoja friji ilikuja na mlango uliobonyea, mwingine pasi ilikataa kuwaka. Watano waliobaki nimewapigia simu mmoja mmoja. Vitu vyao wanavyo.

Sidai kwamba kila dalali ana hesabu kama hii. Ni watu 41 ninaowajua, wengi wa Kisauni, Bamburi na Mtwapa. Lakini ndiyo hesabu pekee niliyonayo ambayo haikuandikwa na ninayemdai. Wanaobofya kutoka Voi, Kitale au Lamu siwajui, na siwezi kwenda kunywa chai kwao wote.

Najua mtakachojibu, maana mmeshakijibu kwenye tiketi: udanganyifu. Nakubali upo. Wako madalali wanaonunua kwa linki zao wenyewe wakitumia majina ya ndugu zao. Wako walioutumia vibaya utaratibu wa kulipa ukipokea, wakaagiza vitu kumi ili wafikie bonasi, na mzigo ulipofika simu haikupokelewa, duka likabeba gharama ya boda kwenda na kurudi. Huo ni wizi, na unatuumiza sisi tulio waaminifu kabla haujawaumiza nyinyi. Wenzenu wa mbali wameuonja. Watu wawili waliokuwa miongoni mwa madalali wakubwa wa eBay walishtakiwa Marekani mwaka 2010 kwa kupandikiza vidakuzi kwenye kompyuta za watu ambao hawakubofya kitu, wakavuna mamilioni ya dola wasiyoyatolea jasho, na mwaka 2014 walihukumiwa vifungo.

Lakini tazameni jambo lile lilivyokwenda. Mashtaka yaliandikwa, ushahidi ukawekwa mezani, washtakiwa wakajua wanatuhumiwa nini, wakajibu, wakakiri. Mimi nimehukumiwa mara tano na sijasomewa shtaka hata mara moja. Kama mnaniona mwizi, niambieni ni oda ipi na mmeona nini. Kama si mwizi, basi kwa nini oda ya jirani yangu imerudishwa nalo jiko liko jikoni?

Na mchezo wa kuhamisha alama haufanywi na madalali wadogo peke yao. Desemba 2024 yaliibuka madai kuhusu Honey, kile kiongezi cha kivinjari kinachotafuta kuponi ambacho PayPal ilikinunua kwa takriban dola bilioni 4. Ilidaiwa kwamba mteja akishafika kwenye kulipa, kiongezi kile kiliiondoa alama ya dalali aliyemleta na kuweka yake. Watengenezaji wa maudhui wakaenda mahakamani California, na Machi 2025 Google ikakaza masharti yake kwa viongezi vya Chrome vinavyogusa linki za madalali. Ninachowaomba mkitazame hapo ni hiki: walioumia hawakuambiwa na dashibodi zao. Waliambiwa na mtu wa nje aliyekaa akapima mwenyewe, hatua kwa hatua, akarekodi. Daftari lenu lilipokuwa na kasoro, lenyewe halikusema.

Sasa pesa zenyewe. Nilipoanza, kiwango cha chini cha kulipwa kilikuwa shilingi 2,000. Septemba nikakuta kimekuwa 5,000. Hakuna barua pepe iliyokuja, hakuna tangazo. Namba ilibadilika usiku, nami niliyekuwa na 3,900 nikangoja miezi miwili zaidi. Aprili 2020 Amazon ilipunguza kamisheni za madalali wake Marekani, samani kutoka asilimia 8 hadi 3, vyakula kutoka 5 hadi 1, na wengi waliumia. Hata hivyo ilitangaza tarehe 14, viwango vipya vikaanza tarehe 21. Wiki moja ni kidogo mno. Sisi hatukupewa hata hiyo.

Malindi kuna kijana mwanachuo ninayemfundisha kazi hii. Ana shilingi 4,300 kwenye akaunti yake tangu mwaka jana. Mitihani ilimkaba, hakuandika, mauzo yakakatika. Mkataba unasema akaunti ikikaa miezi 12 bila mauzo mapya salio linafutwa. Amebakiwa na miezi mitatu. Zile 4,300 ni za vitu vilivyoshauzwa, vikapelekwa, vikalipiwa, na duka likapata faida yake. Kwa nini zifutwe? Kenya imekuwa ikitumiana pesa kwa simu tangu mwaka 2007. Mama mboga anapokea shilingi 50 kwa M-Pesa na haoni tabu. Kiwango cha 5,000 kinawafaa nyinyi, mnaokaa na pesa za maelfu ya watu ambao hawajakifikia. Mwenye 4,300 hakimsaidii kitu. Kama gharama ya kutuma ndiyo tatizo, ikateni kwetu. Nitailipa.

Kisha kuna neno ambalo sote tumeandikiwa: duka halijatulipa. Novemba, msimu wa ofa, niliandika makala sita kwa ajili ya duka moja. Nilikesha siku tatu, nikanunua bando mara mbili, nikapeleka wateja. Januari mkaniambia duka lile halijawalipa tangu Septemba, kwa hiyo kamisheni zangu zitangoja. Tangu Septemba! Mlijua kwamba duka halilipi, na bango lake mkaliacha kwenye ukurasa wenu wa kwanza likituita tulitangaze. Mngeweka alama ndogo tu, malipo ya duka hili yamechelewa, ningepeleka wateja kwingine au ningelala. Mlichofanya ni kutubebesha sisi hasara ya mteja wenu, na sisi hatukupewa nafasi ya kukataa.

Na kungoja huko si salama. Maduka ya mtandaoni huja na kuondoka. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Mei 2024 Copia Kenya, iliyokuwa ikiwafikia watu wa vijijini kupitia mawakala wa kamisheni, iliwekwa chini ya wasimamizi baada ya fedha kuiishia. Siku duka linapofungwa, mwenye salio la miezi minne anashika nini?

Kodi nayo ina yake. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya zuio, ile inayokatwa na mlipaji kabla hujapokea pesa, ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya kidijitali kuanzia Julai mwaka ule, na udalali wa linki umetajwa humo. Sina neno na kulipa kodi. Nataka kuiona imefika. Mkataji wa kodi hiyo anatakiwa kuiwasilisha KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya, ndani ya siku 5 za kazi, na cheti cha makato kionekane kwenye akaunti yangu ya iTax. Nimekatwa kwenye malipo manne. Cheti nimekiona kimoja. Nilipojaza ritani sikuwa na cha kuonyesha kwa yale matatu. Kwenu kodi nimeshakatwa, kwa KRA sijailipa. Ziko wapi pesa hizo? Swali hilo nimeliuliza kwa tiketi mara mbili na halijajibiwa.

Nimeipelekea nakala Mamlaka ya Ushindani kwa sababu naamini jambo hili liko kwenye mamlaka yake. Kifungu cha 24A cha Sheria ya Ushindani, kilichoingizwa kwa marekebisho ya mwaka 2019, kinamkataza mnunuzi mwenye nguvu kumdhulumu anayempa bidhaa au huduma. Miongoni mwa dhuluma zilizotajwa ni kuchelewesha malipo bila sababu ya haki kinyume na mlivyokubaliana, kuvunja uhusiano wa biashara bila taarifa, na kumsukumia mwenzako gharama na hasara zako. Kifungu hicho kimeshafanya kazi. Desemba 2023 Mamlaka ililitoza duka kubwa moja faini ya takriban shilingi bilioni 1.1 kwa malalamiko ya wauzaji wawili, mmoja wao wa asali. Kuwaletea wateja ni huduma kama kuwaletea asali. Naiomba Mamlaka iseme waziwazi kama dalali wa mtandaoni anahesabika chini ya kifungu hicho. Ikisema ndiyo, hata tiketi zetu zitaanza kujibiwa kwa namna nyingine.

Ipo pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021 kwa ajili ya madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na inayotakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Ingetufaa sana, kwa kuwa madai yetu ni madogo na yamekaa sana. Lakini masharti yenu yanasema mgogoro wowote upelekwe kwa msuluhishi katika nchi mliyosajiliwa. Ninachodai mimi ni shilingi 9,370. Nauli ya ndege ya kwenda tu inaimeza mara kadhaa. Kama mnawapata wateja Kenya, mnaingia mikataba na maduka ya Kenya na kukata kodi ya Kenya, basi kubalini kushtakiwa Kenya.

Nimeulizwa na mke wangu kwa nini nisiiache kazi hii. Wenzangu wawili wameiacha. Mmoja alikuwa akiandika mapishi na vyombo vya jikoni, mwingine simu za bei nafuu, na wote waliandika Kiswahili kizuri ambacho mama wa Kilifi aliweza kukisoma kabla ya kutoa pesa yake. Leo wote wawili wanatangaza kamari. Niliwauliza sababu, wakanijibu kwamba huko wanalipwa kila Jumatatu na hesabu wanaiona. Naumia kuandika sentensi hiyo. Watu waliokuwa wakimsaidia mama kuchagua friji sasa wanampeleka mwanawe kwenye kubahatisha, kwa sababu wanaouza friji hawakuwalipa.

Mimi bado nipo. Na ninachotaka hakihitaji teknolojia mpya.

Nionyesheni oda. Kila moja iwe na mstari wake: siku ilipoagizwa, bei, hali yake leo, siku hali hiyo ilipobadilika, nani aliibadilisha na kwa sababu gani. Siombi jina la mteja wala simu yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamlinda, na vizuri imlinde. Lakini mkiandika imerudishwa, thibitisheni. Mteja aliyelipa kwa M-Pesa akirudishiwa pesa yake kwa M-Pesa, muamala ule una namba yenye herufi na tarakimu kumi. Nipeni tarehe ya muamala na herufi nne za mwisho. Kwa herufi nne hakuna mteja atakayejulikana, na duka litafikiri mara mbili kabla ya kuandika imerudishwa kwa kitu ambacho hakijarudi. Kama hakuna muamala wa kurudisha pesa, hakuna kurudisha, na kamisheni ilipwe.

Nipeni pia siku 30 za kukata rufaa oda inapobatilishwa, na rufaa isomwe na mtu ambaye si yule aliyeibatilisha. Tarehe ya malipo iandikwe kwenye mkataba kama tarehe, si kama matarajio, na ikipita mseme siku ile ile imepita kwa nini. Mkitaka kubadilisha kiwango au asilimia, tangazeni siku 30 kabla. Mengine tutazungumza.

Madalali tisa wa Mombasa, Kilifi na Malindi wameanza kuandika madaftari yao kama langu. Hatukukusudia kuwaaibisha, ndiyo maana hakuna jina la kampuni humu. Chagueni mtu wenu wa hesabu, aje na orodha yake, nami nije na kurasa zangu 96, tukae meza moja tuzipitie oda 41 moja baada ya nyingine. Nairobi nitakuja kwa treni kwa nauli yangu mwenyewe. Penye kosa langu nitalifuta mbele yenu kwa kalamu yangu.

Tuanze na jiko. Mwenyewe amekubali kupigiwa simu wakati wowote baada ya Alasiri, na ujumbe wa M-Pesa wa siku ile bado anao.

Wenu katika kazi,
Dalali wa mtandaoni, Kisauni, Mombasa
(Jina langu na namba ya akaunti yangu vimo kwenye tiketi mliyoifunga.)